Surf yangu ilikuwa inamwaga oili nyuma ya injini, kumbe ilikuwa haipumui

Hapa Mwanza ukipeleka dizeli gereji ikiwa inadondosha oili pale injini inapoungana na gia boksi, jibu huwa ni hilohilo: "Bosi, oili sili ya nyuma imekwisha hiyo, tushushe gia boksi." Oili sili ni ule mpira wa duara unaozuia oili isitoke pale shafti inapotokeza. Surf yangu (Toyota Hilux Surf yenye injini ya dizeli ya 1KZ) ilishushwa gia boksi kwa kauli hiyo, ikawekwa sili mpya, na haikuchukua muda nikaanza kuona tena doa jeusi pale ninapopaki, tena kubwa kuliko la mwanzo. Fundi akataka ashushe tena, eti sili ilikuwa feki. Sawa, sili feki zipo nyingi tu mjini, sibishi, ila kila nikirudi safari ya Magu nilikuwa nakuta dipstiki (kijiti cha kupimia oili) imejiinua yenyewe kwenye bomba lake, alafu tapeti kava (kifuniko cha juu ya injini) imelowa kuzunguka kote. Sili ya nyuma haiwezi kuinua dipstiki. Kuna kitu kilikuwa kinasukuma kutoka ndani.

Iko hivi. Injini yoyote hata iwe mpya, gesi kidogo za mlipuko huwa zinapenya kwenye ringi za pistoni zinashuka kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini), na lazima zipate pa kutokea. Kwenye petroli kuna kavali kadogo kanakovutwa na vakyumu (mvuto wa hewa) ya manifodi, yaani mabomba ya kuingizia hewa, lakini dizeli nyingi hazina vakyumu ya maana pale, kwahiyo kinachotegemewa ni mpira unaotoka juu ya tapeti kava unaenda kuingia kwenye paipu ya hewa kabla ya turbo (feni inayosukumia injini hewa), na turbo ikivuta hewa yake inavuta na ile gesi. Huo mpira ukiziba, presha inajaa ndani na oili inatoka popote penye udhaifu, iwe gasketi ya tapeti kava, sili ya mbele, sili ya nyuma au dipstiki. Na turbo nayo inaingia kwenye shida maana oili yake inarudi kwenye sampu kwa kushuka tu yenyewe, haina pampu ya kuirudisha, sasa sampu ikiwa na presha oili haishuki vizuri, inapita kwenye sili za turbo inaingia kwenye intakula, kile kipoza hewa ya turbo. Hapo utaambiwa turbo imekufa wakati turbo haina kosa lolote, na watu wametapeliwa sana kwa hili, linaniuma kweli.

Nilichofanya kwanza ni kuosha injini. Usitafute uvujaji kwenye injini chafu, utadanganyika tu. Nilifunga altaneta na nailoni, nikapaka dizeli kwa brashi sehemu zote zenye tope la oili, nikasugua na sabuni ya unga, nikasuuza, ikakauka. Alafu nikapuliza poda ya mtoto kwenye maungio yote, nikaenda mzunguko hadi Usagara na kurudi, nikafungua boneti na tochi. Oili huwa inashuka na upepo unaisukuma kwenda nyuma, kwahiyo unatakiwa uangalie ile sehemu ya juu kabisa palipolowa, sio pale inapodondokea. Kwenye poda nyeupe kulikuwa na mchirizi mweusi umeanzia kona ya nyuma ya tapeti kava, ukateremka nyuma ya injini moja kwa moja hadi kwenye kengele ya gia boksi (ile sehemu pana inayofungwa kwenye injini). Inuse na uishike kwa kidole pia, oili ya gia boksi ina harufu kali yake, na dizeli ya pampu ni nyepesi haishiki kidole.

Sasa presha. Watu wengi wanafungua kifuniko cha oili gari ikiwa sailensa (inaunguruma bila kukanyagwa mafuta) wanaangalia moshi, ukitoka tu wanasema ringi zimekwisha, fanya ovaholi, yaani fungua injini yote. Mimi siamini hicho kipimo peke yake, dizeli yenye umri lazima itoe moshi kidogo pale. Nilienda kununua ule mpira mweupe wa kuona ndani ambao mafundi ujenzi wanapimia leveli, nikaufunga kwa tepu kwenye bomba la dipstiki usivuje hewa, nikauning'iniza umbo la U na maji ndani. Uache U iwe ndefu ishuke chini sana, maana injini ikivuta badala ya kusukuma hutaki maji yaingie kwenye oili. Nikawasha, ikiwa sailensa maji upande wa pili yakapanda yakawa na tofauti ya kama sentimita 12, ambayo ni zaidi kidogo ya 1 kPa. Ukiisikia ni ndogo lakini hizo sili hazikutengenezwa kuzuia presha. Alafu, na hapa ndio penye jibu lote, nikachomoa ule mpira wa kupumulia kwenye tapeti kava nikauacha wazi. Maji yakashuka yakabaki na tofauti ndogo sana. Ingekuwa ringi zimekufa, hata ukiacha wazi ingepumua kwa nguvu pale juu kama pampu. Kwahiyo injini ni nzima, haina tatizo, njia ya kutokea ndio imeziba.

Nikaupasua ule mpira kwa kisu. Kwa nje ulikuwa mzima kabisa, umenona hata, ila ndani tabaka la juu limebanduka limejikunja, tundu lililobaki halipitishi hata kidole cha mwisho. Huyo aliyeufunga kabla yangu alikata mpira wa maji ya hita, na mpira wa maji ukikaa na mvuke wa oili unavimba na kubanduka. Inatakiwa mpira wa oili, uwaambie hivyohivyo dukani, na ubonyeze uone ni mgumu usiofyonzwa ukalala. Tapeti kava nayo niliishusha nikailoweka kwenye dizeli usiku kucha maana ile sehemu ya ndani inayozuia matone ya oili ilikuwa imejaa masizi, nikaweka gasketi mpya. Na filta ya hewa nikabadilisha, vumbi la njia za Kayenze linaziba haraka, filta ikiziba turbo inavuta oili nyingi kupitia huohuo mpira.

Nikapima tena na mpira wa maji, tofauti ikawa kama ile ya kuacha wazi. Tangu hapo nimeshapita daraja la Kigongo-Busisi kwenda Sengerema na kurudi nimepakia nyavu na mashine ya boti, dipstiki imekaa mahali pake na sili ya nyuma, ileile iliyoitwa feki, ni kavu.

Kama wewe ukiacha wazi bado inasukuma sana, usikimbilie ovaholi bado. Dizeli hizi za Toyota za zamani zina pampu ya vakyumu ya breki, na hewa yake inarudishwa kwenye injini pamoja na oili. Vakyumu ikivuja kwenye busta (kile kisaidizi cha kukanyagia breki) au mpira wake, ile pampu inajaza hewa kwenye sampu muda wote. Bana mpira wa busta gari ikiwa imesimama injini inawaka, angalia maji kwenye U, yakishuka basi tatizo liko huko kwenye breki.