Sanduku la kikoba lilivyonifundishia darasa

Siku niliyogundua kwamba sifundishi kitu nilikuwa nyumbani nasahihisha mitihani, usiku wa mwezi wa saba, baridi ya Mbeya imenibana mpaka nasahihisha nikiwa na koti. Swali la tatu lilihusu modeli ya maporomoko, ile inayotaka timu ikusanye mahitaji yote kwanza, kisha isanifu, kisha iandike programu, kisha ijaribu, kisha ikabidhi, kila hatua ikimwagikia inayofuata kama maji yasiyorudi juu. Karatasi ya kwanza ilisema Winston Royce, aliyeichora modeli hiyo, alichapisha makala yake mwaka 1907. Nikakata. Ya pili, 1907. Ya tatu, 1907. Nilipofika ya kumi nikaweka kalamu chini, nikafungua madesa yangu mwenyewe, nikakuta kosa ni langu. Vidole vyangu viliigeuza 1970 ikawa 1907.

Yaani mwaka ambao Vita vya Maji Maji vilikuwa ndiyo vinazimika huku kwetu kusini, na kompyuta ya kielektroniki bado haijawa hata ndoto. Darasa zima la mwaka wa tatu, vijana wanaokaribia kwenda kuandika programu za benki na za hospitali, walikariri mwaka ule bila mmoja kunyoosha mkono. Sikuwalaumu. Niliwapa desa, wakadesa.

Na hata mwaka ungekuwa sahihi, nilichokuwa nafundisha kilikuwa nusu ya ukweli. Royce hakuisifia modeli ile. Aliichora, kisha akaeleza kwamba kuifuata hivyo ilivyo ni hatari na ni kukaribisha kushindwa. Akashauri programu ambayo haijawahi kutengenezwa itengenezwe mara mbili, ya kwanza iwe ya kujifunzia, na mteja ashirikishwe mapema. Neno maporomoko halimo kabisa katika makala yake. Sisi walimu tulibeba mchoro tukaacha maneno yaliyo chini ya mchoro.

Miradi ya darasani ilikuwa na ugonjwa huohuo. Kila kundi lilitengeneza mfumo wa maktaba au wa hoteli kwa mteja asiyekuwepo. Waraka wa mahitaji ulifika kurasa sitini, umeandikwa na mtu mmoja, wengine abiria. Mahitaji hayakubadilika hata siku moja, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kuyabadilisha. Mimi nilisimama mbele nikihubiri kwamba mteja hubadilisha mawazo, wao wakiandika kwenye daftari: "mteja hubadilisha mawazo."

Nina jirani anayeuza mchele soko la Soweto. Yeye ni katibu wa kikoba cha akina mama wafanyabiashara wa pale, na kila Alhamisi hupita kwangu na daftari kubwa kwapani. Nikamwomba wanafunzi wangu wawe wanahudhuria vikao, wajaribu kuwatengenezea programu ya kutunza hesabu. Akalipeleka kikaoni. Jibu likarudi na masharti mawili: jina la mwanachama na fedha zake visitoke nje ya kikao, na anayechelewa anatozwa faini kama mwanachama. Sharti la pili nililiona utani, mpaka daladala iliponichelewesha Mafiati nikalipa shilingi mia tano mbele ya wanafunzi wangu. La kwanza lilitufundisha kitu cha maana: data zote za majaribio tulizipa majina ya milima. Ndiyo maana mpaka leo kwenye kompyuta za wale vijana Bi Rungwe amekopa, Bi Loleza ni mdhamini wake, na Bi Kipengere hajalipa.

Ziara ya kwanza ilikuwa vichekesho. Vijana walikuja na mashati yamenyooshwa na dodoso kurasa tatu. Mmoja akaamkia vizuri, shikamoo mama, akakaa, akauliza, "Mama, mahitaji yenu ya kiutendaji ni yapi?" Mweka hazina akamtazama, akatutazama wote, akasema, "Mwanangu, mahitaji yetu sisi ni mtaji."

Tuliporudi nikapiga marufuku swali la "mnataka nini". Kazi ya wiki mbili za mwanzo ikawa kukaa kimya kwenye kikao na kufuatilia shilingi moja kutoka mkononi mwa mwanachama mpaka inapoandikwa: nani kaipokea, nani kaihesabu tena, nani kaandika, nani kashuhudia. Kila walichokiona wakakigeuza kadi ya manila yenye sentensi moja: mimi kama fulani, nataka kufanya hiki, ili nipate kile. Ukuta wa nyuma wa maabara tukaugawa kwa gundi ya karatasi safu tatu: Bado, Inaendelea, Imeisha. Kundi haliruhusiwi kuwa na kadi zaidi ya mbili kwenye safu ya katikati. Sheria hii ndogo iliwaudhi kuliko zote, maana kijana wa mwaka wa tatu anapenda kuanza mambo saba. Na kadi haihamii "Imeisha" mpaka katibu aifanye kazi ile mwenyewe, kwa mikono yake, mwanafunzi akiwa ameweka mikono nyuma. Hapo ndipo tulipoanza kuona vitufe vingi ambavyo havikueleweka ila na aliyevitengeneza.

Kila baada ya wiki mbili tulikwenda kuonyesha. Toleo la kwanza lilifanya jambo moja tu, kununua hisa. La pili likaongeza mikopo. Vijana walijiamini: mweka hazina anaingiza neno siri lake, anatoa mkopo, salio linapungua, kila kitu kimekaa sawa. Wakaonyesha. Akina mama wakapiga makofi kidogo ya adabu. Kisha mwenyekiti, mama mtu mzima asiyesema sana, akaligusa sanduku la fedha lililokuwa mezani, akauliza:

"Funguo nyingine mbili ziko wapi?"

Sanduku la kikoba lina kufuli tatu. Funguo zinakaa kwa wanachama watatu tofauti, wala si viongozi, na halifunguliwi mpaka wote watatu wawepo. Wanafunzi wangu walikuwa wameliona sanduku lile kila kikao. Walikuwa wameziona kufuli. Hakuna aliyeziandika kwenye kadi, kwa sababu hakuna aliyewaambia, na hakuna aliyewaambia kwa sababu kwa wale mama jambo hilo halisemwi, ni sawa na kumweleza mgeni kwamba nyumba ina mlango. Vijana walikuwa wamechukua mfumo wenye kufuli tatu wakatengeneza wenye kufuli moja, kisha wakauita maboresho.

Kwenye daladala ya kurudi hakuna aliyeongea mpaka Kabwe. Wiki iliyofuata kundi lile lilibomoa karibu nusu ya kazi yake: mkopo sasa unabaki ukining'inia mpaka washika funguo watatu kila mmoja aweke namba yake ya siri. Ilikuwa hasara ya wiki mbili. Kama tungekuwa kwenye utaratibu wangu wa zamani, swali lile lingeulizwa siku ya makabidhiano, baada ya muhula mzima.

Somo la pili nilipewa na katibu. Kundi jingine liliweka kitufe cha "Futa" ili ukikosea kuandika uondoe. Katibu akalifungua daftari lake. "Humu sifuti. Nikikosea napiga mstari mmoja, naandika sahihi pembeni, na maneno ya zamani yasomeke. Nikifuta, kesho watasema nimekula."

Nilikuwa nimehangaika miaka na kufundisha Git, chombo cha kutunza historia ya programu alichokianzisha Linus Torvalds mwaka 2005. Wanafunzi walikiona ni adhabu. Wao mfumo wao wa matoleo ulikuwa kwenye flashi: folda ya "mradi_mwisho", "mradi_mwisho_kabisa", na "mradi_mwisho_kweli_hii". Siku ile nikawaambia tu, Git ni daftari la katibu. Kila badiliko lina jina la aliyelifanya, saa, na sababu, na la zamani halipotei. Waliacha kuandika "nimebadilisha" kama sababu. Wakaanza kuandika "mwenye msiba asitozwe faini". (Hiyo nayo ina kisa chake: programu ilimtoza faini mama aliyekuwa amekwenda kuzika Tukuyu. Kikao kilichukia kweli.) Na kwa mwanafunzi ambaye bumu limeisha na bando hana, Git ina neema nyingine: historia yote iko kwenye mashine yako, unakomiti, yaani unahifadhi badiliko, bila intaneti, unasukuma mtandaoni siku ukiipata.

Sasa usidhani darasa lilikubali kirahisi. Kijana mmoja mbishi, nawapenda wa aina hiyo, alisimama akasema, "Mwalimu, kwa hiyo mipango ni ujinga? Tuanze tu kujenga?" Sikuwa nimejiandaa, lakini treni ilinisaidia. Nikawauliza nani amewahi kupanda TAZARA. Mikono mingi. Reli ile ilianza kujengwa mwaka 1970, mwaka uleule wa makala ya Royce, mwaka wangu wa bahati mbaya. Ni kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi, na upana wa njia ni milimita 1,067, uliochaguliwa ili ilingane na reli iliyokuwepo Zambia. Je, mhandisi akifika Makambako aseme amebadili mawazo, anataka njia pana zaidi? Wakacheka. Reli lazima uipange kwanza, kwa sababu kubadili mawazo katikati kunagharimu milima na madaraja. Kubadili sentensi kwenye programu ya kikoba kunagharimu jioni moja. Wale wataalamu 17 wa programu waliokutana Snowbird, Utah, Februari 2001 wakaandika tamko la ajaili, yaani la kujenga programu kidogokidogo huku ukimsikiliza mteja, hawakusema mpango ni ujinga. Waliona kwamba programu nyingi zinajengwa kama reli ilhali mteja wake anabadilika kama bei ya viazi. Kijana akaniuliza tena: na programu inayoongoza ishara za treni? Nikamwambia hiyo ipangie kama reli yenyewe. Akakaa.

Yapo yaliyonishinda. Kikao cha kusimama cha kila siku, kile kifupi cha kila mmoja kueleza kazi yake imefika wapi, kama vitabu vinavyotaka, kilikufa wiki ya pili. Mmoja ana kipindi, mwingine anapika geto, mwingine kaenda Uyole kwa shangazi. Tukakifanya mara tatu kwa wiki, nje, kwenye upepo. Mwezi wa sita Mbeya hakuna mtu anayesimama nje kwenye upepo akaongea zaidi ya dakika mbili, kwa hiyo angalau ufupi tuliupata bure.

Kuna kundi lilichelewa, zikiwa zimebaki wiki tatu likaomba liongezewe watu wawili kutoka kundi lililomaliza. Nilijua matokeo. Fred Brooks, aliyesimamia kazi ya OS/360, mfumo endeshi wa kompyuta kubwa za IBM, aliandika mwaka 1975 kwamba kuongeza watu kwenye programu iliyochelewa kunaichelewesha zaidi. Nikawaruhusu. Watu sita wana njia 15 za kuwasiliana wawili wawili. Wakiwa wanane zinafika 28. Wiki nzima ya kwanza wale sita hawakuandika mstari, walikuwa wanawaelekeza wageni. Kiongozi wao alinifuata akasema, "Mwalimu, ulijua." Ndiyo, nilijua. Nadhani bado ana kinyongo kidogo, na ana haki.

Juu ya alama, nitasema kwa ufupi kwa sababu walimu wenzangu huniuliza. Utaratibu tuliokuwa nao ulidai waraka kamili wa mahitaji wiki ya nne. Niliupeleka mwembamba wiki ya nne, nikauacha unenepe kila baada ya onyesho, na hakuna aliyenifukuza. Koswek, zile alama za kazi za muhula, niliigawa: sehemu kwa kundi, sehemu kwa mtu. Ya mtu, namwita peke yake, nafungua historia ya Git, nachagua badiliko lenye jina lake, namwambia nieleze hili lilitokana na nini. Abiria hujulikana ndani ya dakika moja. Mmoja alikuwa na badiliko moja tu muhula mzima, la saa nane usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi. Swali la tatu la mtihani sasa halina mwaka wala jina la mtu. Linaeleza kikao kilichoharibika na kuuliza wewe ungefanya nini Jumatatu asubuhi.

Onyesho la mwisho lilikuwa mwezi wa saba. Akina mama walituletea maparachichi ya Rungwe, ndoo nzima, na mwenyekiti akatushukuru: ndaga fijo. Daftari hawajaliacha, wanaandika kote kuwili, na mimi nimewaambia wasiliache. Tukiwa tumeshasimama kuondoka, mweka hazina akauliza kama jambo dogo tu, "Na mwezi wa kumi na mbili tukivunja kikoba, itatugawia?"

Hakuna kundi lililokuwa limefikiria kugawana. Nilimwona yule kijana wa dodoso akitazama begi lake lililokwisha fungwa. Basi la kwao lilikuwa asubuhi yake. Akaketi tena kwenye kiroba cha mchele, akatoa kadi tupu ya manila.

"Mama," akasema, "mwaka jana mlivyovunja, mlianza na nini?"