Mtajiju, mbwa wa mbuzi: kumbukumbu ya mradi wangu tangu Juni

Kumbukumbu hizi niliziandika kwenye daftari la vipimo, katikati ya viuno na mabega ya wateja. Kuna siku zimerukwa, kuna siku zina mistari miwili tu. Nanakili zile zilizosomeka.

Tuko Chamwino, Dodoma, upande wa kwenda Itiso. Mimi ni fundi cherehani, mbuzi ni wa mama, mchungaji ni mdogo wangu. Mwaka jana fisi walituchukulia mbuzi wanne, watatu kati yao ndani ya mwezi mmoja wa mvua. Zizi letu ni la matawi ya migunga na limefungwa vizuri, lakini fisi hatafuti mlango, anatafuta mahali miba ilipooza. Mbwa tulikuwa naye. Ni mzee, analala jikoni kwenye majivu, na fisi akija anabweka kweli kweli, akiwa hapo hapo kwenye majivu.

Nilisoma kwenye simu kwamba huko Namibia, tangu mwaka 1994, kuna wafugaji wanapewa mbwa wakubwa wenye asili ya Uturuki, wanakulia zizini na mbuzi ili wawafukuze duma. Mbwa wa Uturuki simuwezi. Nilichookota pale ni kwamba mbwa mtoto, kuanzia wiki ya tatu hadi kama ya kumi na mbili, ndipo anapowajua ndugu zake. Akikulia miguuni pa watu, ndugu zake ni watu, na usiku atalala mlangoni kwa watu. Kwa hiyo mzee wetu wa jikoni hana kosa. Sisi ndio tuliomlea jikoni.

8 Juni

Nimemchukua kwa jirani, mbwa wake amezaa saba. Umri wiki saba. Wenzake wote walinirukia magoti, huyu alibaki amekaa ananitazama. Dume, rangi ya udongo wa kwetu, masikio moja juu moja chini.

Mama akauliza, "Mwanangu, huyo analala wapi?"

"Zizini, mama."

"Na mbuzi?"

"Na mbuzi."

Akarudi kuchambua mlenda wake. Mjomba ndiye aliyesema kwa niaba ya ukoo: mbwa kulala na mbuzi, mtajijua wenyewe. Watoto wakadaka hapo hapo. Jina lake Mtajiju.

9 hadi 20 Juni

Kona ya zizi nimeizungushia fito, zimeachana kiasi cha pua kupita. Ndani yupo yeye na vitoto viwili vya mbuzi vilivyoachishwa ziwa. Nje ya fito yupo Bibi Kidevu, mbuzi jike mzee kuliko wote, ambaye haogopi kitu isipokuwa mvua.

Usiku wa kwanza amelia mpaka nikatoka mara mbili. Juni ya huku upepo wake unapita kwenye blanketi, nikawa nawaza nimchukue tu nikamlaze ndani. Mara ya tatu nilipomulika tochi nikakuta Bibi Kidevu amelala amegemea fito anacheua, na yule mtoto kajibana upande wa pili, mgongo kwa mgongo. Nikazima tochi.

Chakula ni ugali wa pumba na vichwa vya dagaa, saa 12 jioni, hapo hapo zizini. Sikupiga hesabu ya mbuzi. Kwa pumba, mbuzi hawana adabu. Siku ya tatu wamemsukuma, wamemaliza, wamelamba na sufuria, wakabakiza dagaa tu. Sasa nimemwekea kitundu cha kiasi chake kwenye fito, chakula kinakaa nyuma yake.

Lakini kinachonisumbua kuliko fisi ni huruma. Watoto wa mtaa mzima wanataka kumbeba. Nimepiga marufuku: hakuna kubeba, hakuna kuita nyumbani, hakuna kumpa ukoko mlangoni. Mdogo wangu na mimi tunamshika kila siku ili akizoee kidole cha mtu mdomoni na sikioni, asije akawa mnyama wa porini siku ya dawa, ila tunamshikia zizini na tunamwacha zizini. Nimekuta mwanangu wa pili amelala naye kwenye samadi. Nikamwambia atoke. Akaniambia, "Lakini mama, mimi siyo mtu, mimi ni mbuzi." Nimecheka, nikamwacha dakika kumi.

Julai

Mkanda wa shingo nimemshonea kutokana na pindo la jinzi, mistari minne ya uzi. Anakua, nimeufumua mara mbili.

Ameanza kutoka na kundi, asubuhi tu, kwa kamba. Punda wa jirani amempiga teke moja la ubavu pale kisimani mtoni, tunapochimba mchanga kupata maji. Hakuvunjika. Tangu siku hiyo punda akisimama, naye anasimama.

Agosti

Hii sehemu haikuwa kwenye mpango.

Mtamba mmoja alianza kutembea amepinda shingo. Baada ya wiki akawa anazunguka, upande ule ule wa kushoto, mpaka anaangukia miba. Wazee wakasema kizunguzungu, achinjwe kabla hajakonda. Tumemchinja. Mdogo wangu alipopasua fuvu, ndani ya ubongo kulikuwa na kifuko cha maji, ukubwa wa yai la kuku, ngozi yake nyembamba kama ya kitunguu, na kwa ndani vijidoa vyeupe vingi vimejipanga kama mchele. Nilisogeza karibu na mwanga nikaviangalia muda mrefu kuliko nilivyotaka.

Afisa mifugo alipopita nikamweleza. Akauliza swali moja tu: "Vichwa vya mbuzi mnampa nani?" Kumbe vile vijidoa kila kimoja ni kichwa cha tegu. Mbwa akila ubongo ule mbichi, minyoo inakomaa tumboni mwake, mayai yanatoka na kinyesi, yanabaki kwenye majani, mbuzi anakula majani, na kifuko kingine kinaanza. Mbwa haugui. Anazungusha tu.

Mtajiju alikuwa hajala kichwa hata kimoja. Aliyekuwa akivila ni yule mbwa mzee wa jikoni, miaka yote, kila sikukuu. Na mimi nilikuwa najiandaa kulaza mbwa zizini miezi yote bila kumpa dawa ya minyoo! Sasa wote wawili wanapewa ya prazikwanteli kila baada ya miezi mitatu, nimeandika ukutani kwa mkaa. Ubongo wa yule mtamba tuliuchoma moto. Mjomba alinung'unika kwamba tunachoma mboga.

28 Septemba

Siku ya kichaa cha mbwa duniani, wamekuja kuchanja bure chini ya mbuyu wa ofisi ya kijiji. Mtajiju ana miezi mitano. Mchanjaji akaniambia ningeweza kumleta tangu akiwa na miezi mitatu. Hilo nililijua, nikawa nasubiri cha bure, basi.

Mbwa wa kijiji wakikusanyika mahali pamoja, wengine wamefungwa kwa kamba ya katani, wengine kwa kitenge, mmoja kaletwa kwenye toroli, ni vurugu tupu. Kuna mzee alikuja kutazama tu, mbwa wake kamwacha nyumbani, anasema chanjo inamfanya mbwa awe mpole. Mchanjaji hakubishana naye. Alimwambia kwamba wakichanjwa mbwa 70 katika kila 100 kichaa kinakosa pa kupita, na kwamba mtu akishaonyesha dalili hakuna dawa ya kumrudisha. Akaongeza kwamba ukiumwa, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kabla hata hujatafuta pikipiki ya kwenda kituo cha afya. Mzee akaondoka. Baada ya nusu saa alirudi na mbwa wake, anamvuta kwa mkanda wa suruali.

Novemba

Nimekaa siku nne bila kuandika.

Mtajiju ameua kitoto cha mbuzi. Kilikuwa na siku tisa. Hakukila, hakina hata tundu la jino. Alikuwa anacheza nacho, anakikimbiza, anakiangusha, kinainuka, anakiangusha tena, mpaka hakikuinuka. Mdogo wangu alikuwa mbele na kundi. Alipogeuka alimkuta amekilalia pembeni anakilamba.

Mjomba alikuja na panga. Sisemi kwa ubaya, ndivyo inavyofanywa: mbwa aliyeua mbuzi haachwi. Nilisimama mlangoni mwa zizi nikamwomba mwezi mmoja. "Shikamoo mjomba, nakuomba mwezi mmoja tu." Shikamoo ya saa 10 jioni, tulishasalimiana tangu asubuhi. Akatazama pembeni, nikajua nimepewa.

Umri wa miezi sita hadi mwaka kwa mbwa ni ujana: mwili wa mtu mzima, akili ya kitoto. Nilikuwa nimesoma hivyo, na bado nilimwachia vitoto kwa sababu alikuwa "mzuri". Kwa hiyo nimemtengenezea kijiti. Ni mti wa urefu wa mkono hadi kiwiko, unaning'inia kwenye mkanda wa shingo mpaka juu kidogo ya magoti. Akitembea polepole haumsumbui. Akianza mbio unampiga miguu ya mbele. Kijiji kizima kimecheka kwamba mbwa wa fundi kavishwa kongwa, amehamia Kongwa, wilaya ya jirani, bila barua ya mtendaji.

Na nimerudisha vitoto nyuma ya fito. Anabaki na wakubwa, hasa Bibi Kidevu, ambaye akichezewa anashusha pembe. Nimemwona akimpiga mara mbili, bila hasira, kama mama anavyomfinya mtoto kanisani. Nadhani somo alilipata pale zaidi ya kwenye kijiti changu.

Desemba

Mvua ya kwanza. Kila mtu shambani, uwele na mtama. Mtajiju amehasiwa ili asifuate majike vijiji vitatu mbele na kuacha zizi. Mjomba amesikitika kuliko mbwa. Kijiti nimekitoa tarehe 20, vitoto nimeviingiza kimoja kimoja, mimi nimekaa juu ya ndoo natazama. Kimoja kilimpanda mgongoni. Akalala chini.

Januari, usiku wa mvua

Saa 8 usiku hivi. Mzee wa jikoni alianza, kama kawaida yake. Halafu nikasikia kubweka kwingine, kufupi, kuzito, hakupumziki na hakusogei. Mbwa anayefukuza kitu sauti yake inakwenda mbali na kurudi. Hii ilikaa mahali pamoja.

Mdogo wangu alitoka na tochi na fimbo, mimi nyuma yake na mwiko wa ugali, sijui kwa nini mwiko. Mbuzi wote walikuwa wamejibana kona ya juu, tuli, hata vitoto havikulia. Upande wa chini miba ilikuwa imesukumwa, pengo la upana wa ndoo. Na katika pengo, Mtajiju, manyoya ya mgongo yamesimama kama brashi ya viatu. Nje ya miba tochi ikapata macho, jozi mbili, yakarudi nyuma, yakazimika. Hakuyafuata. Mdogo wangu alikimbilia gizani akipiga kelele. Mtajiju alibaki kwenye pengo mpaka tulipoleta matawi na kuliziba, tukimpita juu kama gogo.

Kulipokucha tukaona sikio la juu limechanika, na bega lina matundu mawili. Mbuzi 23, wote. Nilijaribu kumpeleka nyumbani kwenye mwanga akagoma mlangoni mwa zizi, miguu minne imejikita. Basi nikamwoshea hapo hapo, sabuni na maji ndoo nzima, halafu nikamfunga bega kwa kipande cha kitenge. Ilipofika adhuhuri kitenge hakipo. Bibi Kidevu alikuwa anatafuna ncha yake.

Afisa mifugo amemrudia chanjo ya kichaa siku hiyo hiyo, maana fisi naye anaweza kuwa nacho. Alisema tumwangalie kwa makini na watoto wakae mbali. Wiki za mwanzo nililala vibaya. Yuko salama, sikio tu limebaki kama kona ya daftari.

Februari

Mjomba amekuja kuuliza, kama anayepita tu, kama yule jirani mbwa wake atazaa tena lini.

Tatizo jipya. Tulimuuzia mwalimu beberu mmoja, akamfunga nyuma ya pikipiki. Mtajiju alihesabu. Sijui anahesabuje, lakini alitoka nyuma ya ile pikipiki akaenda nayo hadi kwa mwalimu, kilomita sita, akalala mlangoni pa banda la beberu siku mbili. Mwalimu alipiga simu: "Fundi, mbwa wako huku hataki mtu amguse mbuzi wangu." Nililipa nauli kwenda kumchukua, na alirudi anageuka nyuma njia nzima.

Jumamosi hii tunapeleka madume mawili mnadani Msalato, ada ya shule imefika. Lori linapita alfajiri. Nimeshona mkanda mpya, jinzi tabaka mbili, na nimeazima mnyororo. Inabidi nimfunge Ijumaa usiku, kabla hajaona kamba.