Bomba la mzee wa boti

Nilipomaliza kidato cha nne nilikaa Kirumba kwa baba mdogo, nikimsaidia biashara ya skrepa. Banda lilikuwa jirani na soko la samaki la Mwaloni, kwa hiyo nguo zetu zilinuka dagaa hata Jumapili. Mimi nilishika mizani na sumaku. Mzigo ukinaswa ni chuma, bei ya chini. Usiponaswa, huenda ni alumini au, Mungu akipenda, shaba.

Asubuhi moja akaja mzee mmoja, fundi wa boti, na bomba zito la kupozea injini, karibu mita moja. Sumaku ya nje haikunasa. Baba mdogo alishawahi kuuziwa mabomba yaliyojazwa vyuma, akataka tupime na ndani. Tulikuwa na vidonge vikali vya sumaku tulivyong'oa kwenye spika za kompyuta. Ukivipanga vinashikana, vinafanya kijiti kifupi. Akasimamisha bomba, akakiachia.

Kimya. Nikachungulia kwa juu. Kijiti kilikuwa katikati ya bomba, kinashuka kwa madaha kama bibi harusi, hakijakwama popote. Kilipodondoka kiganjani mwangu, baba mdogo alikuwa ameshakunja uso.

"Mzee wangu, humu mna chuma."

"Chuma kipi, mwanangu? Bomba nimelifungua mwenyewe!"

Sauti zikapanda. Fundi wa kusuka mota wa banda la pili akaja, akakiachia kijiti tena, akacheka. "Kungekuwa na chuma kingeganda. Hiki si kinatembea?"

Akaanza kutuonyesha. Bomba la plastiki: kikapita mara moja, hata nusu sekunde haikuisha. Bomba la chuma: kikanata mdomoni, tukakibandua kwa bisibisi. Bomba jembamba la antena, la alumini: kikakawia, ila si kama kwenye shaba. Kisha akaokota kipande cha shaba kilichopasuliwa kwa urefu, kikapita haraka zaidi. Hapo ndipo nilipoduwaa, maana shaba ni ileile.

"Umeme unataka kuzunguka," akasema. Sumaku ikishuka, inazalisha umeme kwenye ukuta wa bomba, unazunguka kama pete. Umeme huo nao unakuwa sumaku inayopinga mwendo. Ukipasua bomba, pete zimekatika. Nikauliza kwa nini basi isisimame kabisa. Akanitazama kwa huruma. Ikisimama, umeme unakufa, na breki imekufa, itaanguka tena. Kwa hiyo inapata mwendo wake, kani ya kuipinga ikilingana na uzito wake, inashuka hivyohivyo hadi chini.

Kumbe ndiyo sheria ya Lenz ya mwaka 1834, niliyoikariri kwa ajili ya mtihani bila kuona hata sumaku moja ikidondoka! Fundi hakumjua Lenz. Alijua mita za umeme za zamani, zile za kisahani cha alumini kinachozunguka: mle ndani, akasema, kuna sumaku inayokizuia kisahani kwa njia hiyohiyo, la sivyo kingekimbia na bili ingekuwa balaa.

"Shaba ikipitisha umeme vizuri, ndivyo sumaku inavyochelewa," akamalizia, akamgeukia baba mdogo. "Hii ni shaba ya maana."

Baba mdogo akatoa pochi. Mzee, aliyekuwa amenyamaza muda wote huo, akaliweka bomba begani.

"Kama ni ya maana hivyo, ile bei ya kwanza siitaki."