Sio kila kisichoeleweka ni vague

Jamani leo naomba niongelee kitu kimenikaa kichwani wiki nzima. Shuleni tulikariri kwamba maneno ya Kiingereza vague, ambiguous na obscure yote ni "isiyoeleweka", unaandika kwenye daftari, maisha yanaendelea. Kumbe kila neno linakwambia KWANINI kitu hakieleweki, na hapo ndo penye utamu.

Kazini kwetu Kariakoo tunaandikiana sana na wateja wa nje. Juzi mkataba umekuja, umeandikwa mzigo utaletwa biweekly. Sasa hilo neno kwa Kiingereza ni mara mbili kwa wiki, na pia ni kila baada ya wiki mbili, kamusi zenyewe zinakubali zote. Nikawajibu kipengele hiki ni vague. Wakarudisha aya nzima, saa ya kufika, aina ya gari, nani anasaini, ila biweekly iko palepale! Na hawakukosea, maana ukimwambia mtu vague umemwambia maelezo hayajitoshelezi, aongeze. Nilitakiwa niseme ambiguous, yaani maana ziko mbili, chagua moja. Ni zile sentensi tata za mwalimu wa Kiswahili, Juma amempigia Asha mpira, maneno yote unayajua alafu bado unajiuliza kampigia kwa niaba yake au kaupiga kuelekea kwake.

Nikaanza kuchimba asili zake, usiku umeisha hivyo. Vague imetoka kwenye neno la Kilatini la kuzurura, ni ndugu na vagabond, maana inatangatanga haitui popote. Obscure ni giza, ndo maana wanaitumia hata kwa mwandishi asiyejulikana, anaweza kuwa anaandika vizuri tu ila hajamulikwa. Cryptic ni ya Kigiriki, kufichwa, na hii naipenda kuliko zote kwa sababu sisi tunayo kwenye khanga: jirani anapita nayo uani, maandishi wanasoma wote, ila aliyelengwa ndo anajua kapigwa fumbo. Huwezi kuiita vague hiyo, aliyeichagua dukani alijua kabisa anachosema!

Murky sihitaji hata kamusi, ni maji ya mto Msimbazi kipindi cha masika, tope tupu huoni chini.

Basi jana nikawaandikia tena, safari hii nikaweka ambiguous na maana zote mbili chini yake. Jibu limekuja mstari mmoja: kila Jumatatu na Alhamisi.