Upanga wa Ndege ya Siri

Nimekulia kota za jeshi. Baba alikuwa sajenti wa JWTZ, na kabla sijajua kusoma vizuri nilishajua tepe: tatu sajenti, mbili koplo. Kwangu nembo ilikuwa kitu cha kumtambulisha askari kwa kila amwonaye. Ndiyo maana siku ile, katika jumba la makumbusho la Jeshi la Anga la Marekani huko Dayton, Ohio, nilishindwa kubanduka chini ya Bird of Prey.

Ni ndege ndogo ya kijivu ya rubani mmoja, haina mkia, imening'inizwa juu. Iliruka mara 38 kati ya 1996 na 1999, na umma haukuambiwa kwamba ipo mpaka 2002. Mzee mmoja anayejitolea kuongoza wageni akanisogelea, akatoa simu na kunionyesha picha ya nembo ya watu waliohusika na mradi ule. Upanga.

"Angalia mpini," akasema.

Nikauangalia, nikainua macho juu, nikauangalia tena. Mpini ulikuwa ndege yenyewe! Siri ilishonwa kwa uzi, mbele ya macho ya watu, na asiyeijua ndege aliona upanga tu.

Akanieleza kuhusu nembo nyingine zenye nyota tano upande mmoja na moja pembeni, ambazo wafuatiliaji huzisoma kuwa Area 51, kambi ya siri ya Marekani jangwani Nevada ambako ndege za namna hii hujaribiwa. Nami nikamtajia ile ya satelaiti ya kijasusi ya Marekani, NROL-39, iliyorushwa Desemba 2013: pweza aliyeikumbatia dunia, na maneno yanayosema hakuna wasichoweza kukifikia. Ile siipendi hata leo. Pweza yule anatutisha sisi tulio nje. Upanga haukumtisha mtu. Ulikuwa wa watu waliofanya kazi wasiyoweza kuisimulia nyumbani, ili angalau wao kwa wao wajuane.

Ohio ilikuwa mchana, Morogoro jioni. Nikampigia baba palepale.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

Nikamsimulia yote. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza swali la mtu aliyeshonewa sare maisha yake yote:

"Na fundi aliyeishona, naye walimwapisha?"

Nikamgeukia mzee na kumtafsiria. Alicheka kwa furaha, akasema tangu aanze kuongoza wageni hakuna aliyewahi kumuuliza habari za fundi.