Senda ya tanki ikivuja, weka silikoni kando

Gari la zamani likianza kunuka petroli nyuma, wengi hukimbilia tyubu ya silikoni na kuizungushia senda ya geji, yaani kifaa kilicho kwenye tanki kinachoiambia geji mafuta yamebaki kiasi gani. Petroli huvimbisha silikoni ya kawaida, ikalegea, kisha vipande vyake vikaingia tankini na kuziba chujio. Mvujo unabaki palepale. Dawa yake ni raba sahihi iliyokaa juu ya chuma safi.

Nazungumzia senda ya ubavuni, kama ya Mini na MGB nyingi, magari ya zamani ya Uingereza, inayobanwa na pete ya chuma ya kuzungusha. Kwa kuwa iko chini ya usawa wa mafuta, huvuja tanki likijaa na kukauka mafuta yakishuka. Lakini hakikisha. Osha udongo wote, kausha, paka unga wa chaki kwenye ukingo wa senda, penye nyaya, na kwenye maungio ya tanki yaliyo juu yake, kisha jaza mafuta na uangalie chaki inaanza kulowa wapi. Ikilowa ukingoni, ni raba. Ikilowa penye nyaya, senda yenyewe imechoka na raba mpya haitasaidia kitu, badilisha yote. Ikianzia juu, tanki limetobolewa na kutu. Hapo tafadhali usimpe fundi wa kuchomelea tanki ambalo halijasafishwa mvuke wote: tanki tupu lenye mvuke hulipuka upesi kuliko lililojaa.

Kazi ifanyike nje, kamwe si juu ya shimo la gereji, maana mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa na hutuama chini. Toa kwanza waya wa betri unaokwenda kwenye bodi. Magari mengi ya Uingereza ya kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 ethi yake (upande wa betri uliounganishwa na bodi) ni chanya, kwa hiyo fuata waya kwa macho, usitoe hasi kwa mazoea. Toa mafuta hadi yawe chini ya senda, kisha gonga pete kinyume cha saa kwa kipande cha shaba, ambacho hakitoi cheche kama patasi ya chuma.

Raba ndiyo roho ya kazi hii. Ukienda kwenye maduka ya vipuri ya Kirinyaga Road, Nairobi, uliza ya nitrile au Viton, ambazo hustahimili petroli. Ile inayokatwa kwenye tyubu ya tairi ni ya butyl. Petroli huivimbisha, na mvujo utarudi.

Senda ikiwa mkononi, zamisha floti (boya lake) ya shaba kwenye maji ya moto. Viputo vikitoka, imetoboka na geji itakudanganya. Pima ukinzani wa senda kwa multimita huku ukiinua mkono wa floti polepole: namba zibadilike taratibu bila kuruka.

Sugua uso wa tanki pale raba inapokaa kwa msasa laini hadi chuma king'ae, bila kuacha kutu wala rangi ya zamani. Ingiza senda kwa pembe ili mkono usipinde, ulimi wake uketi kwenye nafasi yake. Mmoja aisukume kwa kiganja, mwingine azungushe pete hadi ifike kikomo. Ikigoma, raba imekunjika. Toa uanze upya, kwa sababu ukilazimisha kwa nyundo utavunja ndimi za tanki.

Jaza hadi juu ya senda, acha usiku kucha, upake chaki tena. Geji isiposoma kabisa baada ya hapo, angalia ethi ya tanki, yaani muungano wake na bodi, kabla ya kulaumu senda.