Dungu la Babu

Juzi mwanangu karudi skuli na fomu ya kujaza. Jina, tarehe ya kuzaliwa, halafu kimstari kifupi: kabila. "Mama, hapa niandike nini?" Nilikuwa juu ya mbuzi nakuna nazi. Mkono ukasimama.

Nilikuwa na miaka tisa, likizo ya Agosti, Witu, bara ya Lamu. Mahindi yamekomaa, na usiku nguruwe mwitu hawana huruma, basi babu alinipandisha dunguni tulinde pamoja. Mchana ule msichana mmoja alikuwa ameniambia sisi hatuna kwetu. Nikamuuliza babu: sisi wa wapi?

Hakujibu. Moto ulikuwa chini ya dungu. Akashuka, akageuza hindi kwenye makaa, akalipangusa jivu kwa kiganja, akapanda tena. Akalivunja, kipande kikubwa akanipa mimi. Nilikipokea kwa ncha ya leso na bado kiliniunguza.

"Babu yangu alikuwa mtumwa mashambani Malindi," akasema. "Mtama na ufuta. Akatoroka. Usiku anatembea, mchana analala msituni, mpaka akafika hapa kwa Simba."

Nilidhani simba mnyama. Kumbe ni Ahmed Simba, sultani wa ukoo wa Nabahani aliyehamia hapa kutoka kisiwa cha Pate. Mwenyewe alikuwa amekimbia, na watoro aliwapokea. Wakafyeka, wakalima. Wajerumani wakaja wakaweka himaya yao 1885, wakaiacha 1890, na Oktoba ya mwaka huohuo Waingereza wakauteketeza mji.

"Mji wote?"

"Wote. Na mvua iliponyesha watu wetu wakapanda mbegu."

Kisha akanishika bega. "Ukiulizwa, sema sisi tulitoroka." Alilitamka kama wengine wanavyotamka miji ya kwao, Siu, au Faza. Hapo mabua yakavunjika gizani upande wa bondeni, babu akalishika debe akaligonga, nami nikapiga kelele mpaka sauti ikakauka.

Babu hayupo, shamba limegawanywa, na siku hizi ni lami: basi la Mokowe linapita Witu kabla abiria hajamaliza korosho zake. Kila nikipita hutazama upande ule. Dungu lilikuwa wapi hasa, sijui tena.

Fomu inatakiwa kesho. Mwanangu kashalala. Kwenye ule mstari nimeandika "Witu" kwa penseli, nikafuta, nikaandika tena.